Miaka 30 ya Swahili Forum: Nani Huvipima Vitabu vya Pwani?

Kwenye kibla cha msikiti mkongwe wa Msuka Mjini, kaskazini ya Pemba, kuna tarehe iliyochorwa kwa mkono: mwaka 816 Hijria, yaani 1413 au 1414 Miladia. Waandishi waliokuja karne tano baadaye waliandika kwa marefu zaidi. Kapteni J. E. E. Craster, aliyekuja kupima ardhi ya kisiwa kwa ajili ya ramani, alichapisha kitabu chake juu ya Pemba mwaka 1913. F. B. Pearce, aliyekuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza Unguja, aliyaingiza magofu ya Pemba katika kitabu chake cha 1920. W. H. Ingrams alifuata mwaka 1931 na kitabu kinene juu ya historia na watu wa Zanzibar. Mwaka 1961 ikatoka London ripoti ya mwanaanthropolojia John Middleton kuhusu umiliki wa ardhi Unguja na Pemba.

Kitabu cha kitaalamu kikishatoka, hufuatwa na kurasa chache za mapitio. Mtaalamu mwingine hukisoma, kisha huwaeleza wenzake kimesema nini, kimepatia wapi, kimeteleza wapi, na kama kinastahili kuwekwa maktaba. Kurasa hizo ni chache, lakini zina nguvu. Ndizo zinazoamua kitabu kipi kitasomeshwa vyuoni na kipi kitalala kwenye rafu.

Kwa muda mrefu hukumu hiyo ilitolewa mbali na Pemba. Jarida la Man, la jumuiya ya wanaanthropolojia wa Uingereza, lilianza mwaka 1901, na jarida la Africa lilianza London mwaka 1928. Yote mawili yalipitia vitabu, na yote mawili yaliwafikia waliolipia ada au waliokaa karibu na maktaba kubwa. Mzee wa Pemba aliyeulizwa na mtafiti habari za shamba na mikarafuu ya ukoo wake hakuwa na njia ya kujua kama kitabu kilichotokana na majibu yake kilisifiwa au kilipondwa, wala ya kusema kwamba hapa bwana mkubwa hakuelewa.

Historia ya Swahili Forum, jarida la taaluma za Kiswahili lililotimiza miaka 30 mwaka 2024, inahusu kwa sehemu kubwa jinsi kurasa hizo zilivyosogea karibu na wale zinaowahusu.

Afrika Mashariki ilikuwa na majarida yake tangu zamani. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kutoa taarifa zake mwaka 1930, nazo ndizo asili ya jarida la Kiswahili linalotolewa hadi leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tanganyika Notes and Records lilianza mwaka 1936 nalo likawa na sehemu ya vitabu. Ila waandishi wa miaka ile ya mwanzo walikuwa zaidi maofisa wa serikali na wamisionari, wakiandika kwa Kiingereza na kusomwa na maofisa na wamisionari wenzao.

Wapo pia wenyeji waliokwisha kujieleza wenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyepata kusomesha Kiswahili Berlin, ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya usimamizi wa Carl Velten. Ndani yake mna uzazi, jando, ndoa, ngoma, biashara na maziko, yote yameelezwa kwa Kiswahili na mtu wa mahali hapo. Tafsiri kamili ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen ilitoka mwaka 1981, miaka 78 baada ya chapa ya kwanza. Muda wote huo wanaanthropolojia wengi waliitumia kazi ya Mtoro kama ghala la habari, na wachache wakamtaja kama mtaalamu mwenzao.

Mmoja wa waliolitazama jambo hilo kwa jicho jingine alikuwa Thomas Geider, Mjerumani aliyekuwa ametafiti ngano za mazimwi miongoni mwa Wapokomo wa Mto Tana. Mwaka 1998 yeye na Heike Behrend walihariri kitabu kilichochapishwa Köln juu ya Waafrika walioandika habari za jamii zao wenyewe. Mchango wa Geider ulihusu maandishi ya namna hiyo kwa Kiswahili tangu miaka ya 1890. Kwake, Mtoro na waliomfuata walikuwa waandishi wenye shabaha zao, walioamua wenyewe nini cha kusema na nini cha kunyamazia.

Geider huyo ndiye, pamoja na Rose Marie Beck na Werner Graebner, aliyeshika kazi ya uhariri Swahili Forum ilipoanza.

Ilianza mwaka 1994, bila mbwembwe. Taasisi ya lugha za Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Köln ilikuwa na mfululizo wa machapisho uitwao Afrikanistische Arbeitspapiere, na namba 37 ya mfululizo huo ikatengwa kwa ajili ya Kiswahili peke yake. Hiyo ndiyo Swahili Forum ya kwanza. Ya pili ikatoka mwaka 1995 kama namba 42, ya tatu mwaka 1996 kama namba 47, na kuendelea hivyo hadi ya tisa, namba 72, mwaka 2002. Kwa miaka 9, basi, jarida lilikuwa mpangaji katika nyumba ya mwingine.

Lilikuwa na majirani wema. Bayreuth, mji mdogo kusini mwa Ujerumani, ulikuwa umekwisha kuwa mahali pa kongamano la Kiswahili la kila mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Watafiti wa lugha, fasihi, muziki, dini na mila walikutana huko, wakasomeana kazi zao na kubishana, mara nyingi kwa Kiswahili. Makala nyingi zilizopevuka katika mabishano hayo zilipata njia ya kuchapwa katika Swahili Forum.

Wahariri watatu wa mwanzo walikuwa na ladha tofauti, na jarida likafaidika. Beck alikuwa akichunguza kanga na majina yake: jinsi mwanamke anavyoweza kumfikishia jirani ujumbe kwa nguo aliyovaa bila ya kufungua kinywa, na bila ya kuweza kushtakiwa kwa alichokisema. Makala yake juu ya kanga ilitoka katika namba 68 mwaka 2001. Graebner alikuwa mtu wa muziki, aliyeifuatilia taarabu na dansi, na mwaka 1992 alihariri mkusanyo wa makala juu ya utamaduni wa watu wa kawaida Afrika Mashariki, uitwao Sokomoko. Geider ndiye mtu wa orodha, wa kumbukumbu, wa kujua nani aliandika nini na wapi.

Katika namba hiyohiyo ya 68 alikuwamo Mpemba. Said Ahmed Mohamed Khamis, aliyezaliwa Pemba mwaka 1947, ni jina linalojulikana na kila aliyesoma fasihi skuli: Asali Chungu, Utengano, Dunia Mti Mkavu, Babu Alipofufuka. Wengi hawajui kwamba mwandishi huyohuyo alikuwa profesa Bayreuth, akisomesha fasihi za lugha za Kiafrika. Katika Swahili Forum ya 2001 aliandika juu ya taarabu na namna inavyobadilika inapokutana na mambo ya ndani na ya nje. Wasomaji waliozoea kuona Zanzibar ikielezwa na wageni walipata hapo uchambuzi wa mtu aliyeyajua mashairi yale tangu utotoni.

Nje ya Köln dunia ya majarida ilikuwa imeanza kugeuka, na ajabu ni kwamba mapitio ya vitabu yalikuwa miongoni mwa yaliyotangulia. Mwaka 1990, kabla watu wengi hawajalisikia neno intaneti, wasomi wa Kigiriki na Kilatini nchini Marekani walianzisha Bryn Mawr Classical Review na kuyasambaza mapitio kwa njia ya kompyuta. Sababu yao ilikuwa nyepesi kueleweka: katika majarida ya karatasi, mapitio yaliweza kuchelewa miaka miwili au mitatu baada ya kitabu, na mwandishi akasubiri hukumu hadi akaisahau kesi. Wanaanthropolojia nao walipata hazina yao katika miaka hiyo ya 1990, Anthropology Review Database, iliyosimamiwa na Hugh Jarvis katika chuo kikuu cha Buffalo, jimbo la New York. Ilipitia vitabu na filamu, na yeyote aliweza kusoma bila malipo. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Florida kilianzisha African Studies Quarterly, jarida la mtandaoni tangu siku ya kwanza, lenye mapitio mengi ya vitabu juu ya Afrika. Mwaka 1998 ukazaliwa mradi wa African Journals Online, ambao baadaye ulihamia Afrika Kusini na kuyaweka mamia ya majarida ya bara hili mahali pamoja.

Hoja ya wote hao ilikuwa moja. Mapitio ni mafupi, hayahitaji picha za gharama, na thamani yake hupungua yakichelewa. Hakuna maandishi ya kitaalamu yanayofaa zaidi kwa mtandao.

Swahili Forum ilivuka mwaka 2003. Iliiacha nyumba ya Köln, ikapata makao katika taasisi ya anthropolojia na masomo ya Afrika ya Chuo Kikuu cha Johannes Gutenberg, Mainz, na kuanzia juzuu ya 10 ikawa jarida la mtandaoni, bure kwa kila msomaji. Kazi kubwa ya juzuu hiyo ilikuwa ya Geider: bibliografia ya fasihi, isimu, utamaduni na historia ya Waswahili, kurasa 100 kamili. Haikuwa na hadithi wala hoja za kusisimua, lakini kwa mwanafunzi asiye na maktaba ya maana ilikuwa mlango mkuu. Aliyeishika alijua nini kimeandikwa, na nani, na mwaka gani. Alijua la kuomba akimpata mtu anayesafiri.

Juzuu zilizofuata zilionyesha jarida likijiamini. Mwaka 2004 Alena Rettová aliandika juu ya falsafa katika riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona na Mzingile. Mwaka 2005 Lutz Diegner aliiweka Nagona kando ya Ziraili na Zirani ya William Mkufya na kuonyesha jinsi vitabu vinavyozungumza na vitabu vingine. Katika juzuu hiyohiyo Irene Brunotti, Mtaliana, aliandika kwa Kiswahili juu ya ngoma za kisasa mjini Zanzibar, akiuliza kama kweli ngoma ni uhuni. Mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walitoa uchunguzi wa lugha ya mitaani Tanzania pamoja na kamusi ya maneno na misemo ipatayo 1,100, kazi ambayo vijana wa Dar es Salaam wangeweza kuifungua, kuicheka na kuisahihisha. Mwaka 2007 Clarissa Vierke alihariri mashairi mawili ya kale juu ya mimea na wanawake.

Nyuma ya makala ndefu, mapitio ya vitabu yaliendelea na kazi yake. Kwa msomaji wa London au Leipzig, mapitio humsaidia kuamua kama anunue kitabu. Kwa msomaji wa Msuka mambo ni tofauti kabisa. Vitabu vingi vya anthropolojia vya jalada gumu huuzwa kwa zaidi ya dola 100, na duka la kuviuza hakuna Konde wala Wete. Msomaji huyo, akiwa mwalimu wa skuli au mwanafunzi wa shahada, huenda asikione kitabu chenyewe maisha yake yote. Kurasa nne za mapitio ndizo kitabu chake. Kwa hiyo mpitiaji mvivu, anayesifu jalada na kunakili orodha ya sura, humnyima chakula. Mpitiaji makini, anayeeleza hoja, ushahidi na dosari, humpa cha kumtosha kuanza kufikiri na kubisha.

Mapitio mazuri yana masharti yake. Mhariri hupokea nakala kutoka kwa mchapishaji na kumtafuta msomaji anayelijua eneo, lakini asiye swahiba wala hasimu wa mwandishi. Katika taaluma ndogo kama hii, ambamo wengi wamekutana Bayreuth na kula pamoja, hilo si jepesi. Kisha mpitiaji anatakiwa aujue mji na watu wake kuliko anavyoujua msamiati wa nadharia. Mtu anaweza kuandika kurasa 300 juu ya uganga wa Pemba, na mpitiaji asiyeijua Pemba akazimeza zote. Vitabu na makala za fani hii zina mambo mengi yanayohitaji jicho la mwenyeji: majina ya watu na mitaa, silsila za masheikh, tofauti ya mashetani wa pwani na wa bara, maneno ya Kipemba yasiyofanana na ya Unguja.

Mfano wa haja hiyo ulionekana mwaka uleule wa 1994, jarida lilipoanza. Alamin Mazrui wa Mombasa na Ibrahim Noor Shariff wa Zanzibar walitoa kitabu juu ya Waswahili na utambulisho wao, wakihoji namna wataalamu wa nje walivyokuwa wakiwagawa na kuwapachika watu wa pwani majina. Miaka miwili kabla, Middleton, yuleyule wa ripoti ya ardhi ya 1961, alikuwa ametoa The World of the Swahili. Anayevisoma vitabu hivi viwili pamoja huona mjadala mzima wa zama hizo: ni nani Mswahili, na nani ana haki ya kusema ni nani.

Kuwa mtandaoni, hata hivyo, hakukumaanisha kufika kisiwani. Mwaka 2003 umeme wa Pemba ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na intaneti ilikuwa ya kusuasua na ya bei mbaya. Mambo yalibadilika kwa waya za baharini. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na mwaka huohuo wa 2010 Pemba ikaunganishwa na gridi ya Taifa kwa waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Baadaye zikaja simu za mkononi zinazofungua faili. Jarida lilikuwa limetangulia, likasubiri. Wasomaji walipofika walikuta juzuu zimepangwa.

Mwaka huo wa waya ulikuwa pia wa msiba. Thomas Geider alifariki mwaka 2010. Kazi yake ya kukusanya ilipata mwendelezo Leipzig, ambako jarida lilihamishia makao yake na ambako Beck alikuwa profesa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Leipzig iliziweka makala za zamani za enzi ya Köln, zilizotoka kwanza kwenye karatasi, katika hifadhi yake ya kidijitali. Leo makala ya 1994 na ya juzi hufunguliwa kwa namna moja, bila ada na bila kujiandikisha.

Sherehe za miaka 30 hazifuti maswali magumu. Jarida juu ya Waswahili limekuwa na makao yake Köln, Mainz na Leipzig, na miji yote mitatu iko Ujerumani. Wahariri wake wengi ni Wazungu wanaokijua Kiswahili vizuri sana. Jarida hupokea maandishi ya Kiswahili, lakini Kiingereza kimechukua nafasi kubwa, kwa kuwa mwandishi wa Dar es Salaam au Nairobi naye hutaka kusomwa na kutajwa ulimwenguni. Mapitio yenyewe hayampi mhadhiri alama nyingi anapoomba kupandishwa cheo; wiki mbili za kusoma na kuandika kurasa nne huhesabiwa kidogo kando ya makala moja ya utafiti. Matokeo yake ni kwamba wanaojua zaidi ndio wenye sababu chache zaidi za kuandika.

Na kazi ipo. Wilaya ya Micheweni, iliko Msuka, imeandikwa sana katika miaka hii. Waakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe na Chwaka na kuonyesha, katika makala yao ya 2009, kwamba sehemu inayoonekana leo kuwa shamba tupu ilikuwa na makazi makubwa tangu karne ya 7 au ya 8, na kwamba mji wa Chwaka ulisimama pale hadi karibu na 1500. Nathalie Arnold aliandika mwaka 2002 juu ya mashairi na siasa za Upemba katika miaka mikali ya 1995 hadi 2001. Elisabeth McMahon alitoa mwaka 2013 kitabu kizima juu ya utumwa na ukombozi Pemba, hoja yake ikisimama juu ya heshima: namna watu walioachwa huru baada ya 1897 walivyoipigania, na namna maana yake ilivyobadilika mikononi mwao. Hakuna mtu mzima wa Msuka asiye na la kusema juu ya heshima.

Wanaoweza kulisema kwa maandishi wanaongezeka. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi Mchangamdogo, Pemba, ambako wanafunzi hufika kutoka Micheweni na Wete bila ya kuvuka bahari. Kwa simu zao wanaweza kufungua bibliografia ya Geider, kuona kilichoandikwa juu ya vijiji vyao, kisha kusoma mapitio ya wengine na kuona jinsi yanavyojengwa. Mwalimu wao anaweza kuwapa kazi ya muhula: kila mmoja achague kitabu au makala moja juu ya Pemba, aende nayo kwa wazee wa kwao, na arudi na kurasa nne za Kiswahili zinazoeleza mwandishi alisikia nini sawasawa na nini kilimpita. Zile zitakazotoka vizuri zina pa kupelekwa.